Maili 15 kwa siku

Nimepaki lori hapa Kearney, Nebraska, usingizi hauji, basi acha niandike. Leo nimetoka Des Moines nimechelewa, mzigo ulichukua masaa manne kupakiwa, nikawa nina hasira kwelikweli, na nilipoingia barabara kuu ya I-80 na kuuona mto Platte unaambaa pembeni nikawakumbuka wale wahamiaji wa Kimarekani wa karne ya 19, wa magari ya ng'ombe, maana njia yao ndiyo hii hii, walikuwa wanaufuata mto kwenda magharibi.

Wao kwa siku nzima walikuwa wanakwenda kama maili 15, yaani kilomita 24 hivi. Mimi maili 15 nazimaliza kwa dakika 13.

Kwetu Shinyanga nimekulia kwenye maksai, najua kazi yao. Maksai ukimfunga nira halafu ukamtwika mzigo atakwenda mwendo wake tu, maili mbili kwa saa, umpige usimpige, na ukimlazimisha sana kesho hanyanyuki. Wengi wa wale watu walichagua maksai badala ya farasi kwa sababu ni wa bei nafuu, wana nguvu na wanaishi kwa majani ya njiani. Na gari lenyewe halikuwa na springi, limejaa unga, nyama ya chumvi na vyombo, uzito unafika karibu tani moja, kwa hiyo watu wengi hawakupanda, walitembea. Kutoka Independence, Missouri mpaka Oregon ni kama maili 2,000, miezi minne mpaka sita, akina mama na watoto kwa miguu. Nikifikiria hapo nanyamaza kabisa.

Kilichopanga safari yote ni majani. Ukiondoka kabla ya mwezi wa nne mwishoni ng'ombe hawana malisho, ukichelewa theluji inakukuta milimani. Ndiyo maana walitaka wawe wamefika lile jiwe kubwa la Independence Rock kule Wyoming ifikapo Julai 4. Mwaka 1846 kundi la wahamiaji lililoitwa Donner lilikuwa limeshachelewa, likachukua njia ya mkato, hiyo mkato ikawala majuma mazima kukata miti na kuvuka jangwa la chumvi, theluji ikawafungia kwenye milima ya Sierra Nevada. Walikuwa watu 87, karibu nusu wakafa. Na majani hayo hayo yalikuwa ya wenyeji wa huku, Wapawnee na Walakota, nyati na farasi wao waliyategemea, kila msimu misafara inapita na kuyamaliza, hilo nalo lazima lisemwe.

Lakini anayenigusa kuliko wote ni William Clayton. 1847 alikuwa kwenye msafara wa kwanza wa Wamormoni, kundi la dini lililokuwa likihamia magharibi, ng'ambo ya kaskazini ya mto huu huu. Watu walikuwa wanabishana jioni leo tumekwenda maili ngapi, yeye anaona wenzake wanazidisha. Basi akapima gurudumu, akakuta mizunguko 360 ni maili moja, akafunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu, na Mei 8 akatembea kando yake kutwa anahesabu kila kitambaa kikija juu. Mizunguko 4,070. Maili 11 na kidogo! Siku chache baadaye mwenzake wa msafara, Orson Pratt, akabuni kifaa cha meno ya mbao cha kuhesabu chenyewe na fundi Appleton Harmon akakichonga. Mimi mita ya maili ipo kwenye dashibodi na siku nyingine wala siitazami.

Jioni hii baada ya kula nikasema nijaribu. Nikatembea kwenye barabara ya vumbi nyuma ya kituo cha malori, mwendo wa maksai, ule wa babu nyuma ya jembe, polepole kabisa, nikiwa nimewasha simu inipimie. Upepo mkali, mahindi pande zote, tambarare mpaka macho yanachoka. Baada ya nusu saa simu ikasema maili moja, miguu imeshaanza kuuma maana mimi kazi yangu ni ya kukaa, nikageuka kuangalia nilikotoka nikaliona lori langu pale pale, hata rangi ya trela naiona vizuri.