Nasoma jiografia na sosho, na hapana, sio lazima niwe mwalimu

Ukimwambia mtu wa Dar unasoma jiografia chuo, kashakupangia shule ya kufundisha. Ukiongeza na sosholojia anakutafutia na NGO. Mjomba wangu mpaka leo ananiuliza "sasa hiyo ya pili ya nini?" na mimi hua nacheka tu manake jibu lake refu, ila humu hamna wa kunikatiza.

Wengi tuliotoka HGL au HGE, zile tahasusi za sekondari zenye historia na jiografia, tunaingia chuo tukiwa na jiografia ya milima, mito na mvua za vuli. Jiografia ya binadamu ni habari nyingine, unauliza kwa nini watu wapo pale walipo na nani aliamua wawe pale. Ukishafika kwenye "nani aliamua" basi ushaingia sosho bila kupiga hodi.

Mfano huyu Burgess, na miduara aliyochora 1925 kuelezea mji wa Chicago ulivyopangika, katikati biashara, pembeni yake wahamiaji na masikini, halafu kadri unavyotoka nje ndo unakuta wenye nazo. Jamaa ni mwanasosholojia ila kafundishwa kozi zote mbili, tukamsoma huku tukamrudia kule, na kote tukaambiwa tumjaribu kwenye mji wetu. Aisee Dar inamkatalia. Mji umetambaa kufuata barabara nne, Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa, wenye nazo wapo Oysterbay na Masaki karibu kabisa na mjini, na wa kipato cha chini wengi ukawatafute Mbagala na Gongo la Mboto. Kwa nini? Ramani peke yake haikwambii, mpaka urudi kwa wakoloni waliogawa Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala, na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi kutenganisha, kisingizio afya. Ubaguzi wa rangi uliondoka kwenye sheria ila viwanja vilibaki palepale, mwenye hela akachukua nafasi ya Mzungu.

Lakini kilichonikamata zaidi ni bonde la mto Msimbazi. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 hapa Dar, serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande, huko upande wa Bunju, na baadhi yao wakarudi bondeni. Mtu akiangalia ramani ya miinuko tu atasema hawa watu wakaidi, maji wanayaona na bado wanarudi. Ila we fikiria mama anayekaanga vitumbua alfajiri anawauzia wapagazi wa Kariakoo, anatembea kwa mguu, mtaji wake mdogo, kikoba chake kipo hapo hapo mtaani, jirani ndo anayemwangalizia mtoto, umhamishie Mabwepande nauli ya daladala inakula mtaji wote kabla hata hajawasha jiko, na kule hamjui mtu. Kwake mafuriko ni ya msimu, njaa ni ya kila siku. Sasa upande wa pili ukisoma sosho tupu utaongelea mshikamano wa majirani vizuri sana na usiseme popote kwamba nyumba zao zipo kwenye njia ya maji. Mi naona hapo ndo tunapokosea sana, kila mmoja anabeba nusu yake anaenda nayo semina.

Ndo maana naipenda Ramani Huria, ule mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar ulioanza 2015, wanafunzi wa UDSM na Chuo Kikuu Ardhi waliingia mitaani na wenyeji wakachora mitaro na nyumba kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri, wakiwauliza watu wa hapo maji hua yanafika wapi. Setelaiti haioni kama mtaro umejaa taka, ila mjumbe wa shina anajua.

Shida zipo. Vipindi vinagongana, laptop inalia ukifungua programu ya ramani, na makala za kusoma za sosho ni nyingi mpaka unatamani bora ungepanda milima ya Uluguru.

Risachi yangu nataka nifanye Kimara na Ubungo, kodi za vyumba pembeni ya barabara zimefanyaje tangu mabasi ya mwendokasi yaanze 2016, na waliohama wameenda kukaa wapi. Mwenye mama mwenye nyumba asiyeogopa dodoso anicheki, nitakuja mwenyewe na soda.