Pamanganeti kabla ya utando: maliza kazi au usiianze

Visima vingi vya Nairobi vimefungiwa mashine ya osmosisi kinyume, inayosukuma maji kupitia utando mwembamba ili kuyasafisha, kwa sababu ya floridi, lakini kinachoziba tando zake mara nyingi ni chuma na manganizi. Maji hutoka ardhini yakiwa maangavu. Yakishapigwa na hewa, kutu huanza. Kutu hiyo ikiishia tangini, ni usumbufu tu. Ikiendelea ndani ya utando, presha hupanda na maji hupungua.

Klorini huoksidisha chuma haraka, yaani hukigeuza kuwa chembe za kutu zinazochujika, ila manganizi husuasua pH ikiwa chini ya 8.5 hivi, kwa hiyo hujitenga na maji baadaye, mahali pabaya kabisa: ndani ya utando. Kwa manganizi, pamanganeti ya potasiamu, dawa ya zambarau inayooksidisha, ndiyo yenyewe. Hesabu ya dawa: miligramu 0.94 kwa kila miligramu ya chuma, 1.92 kwa kila miligramu ya manganizi. Maji yenye chuma miligramu 1 na manganizi miligramu 0.3 kwa lita yanataka takriban miligramu 1.5 kwa lita. Tangi la lita 10,000, gramu 15.

Hiyo ni hesabu ya karatasi. Salfaidi na uozo wa mimea navyo hula dawa, kwa hiyo jaribu kwanza. Yeyusha gramu 1 katika lita 1 ya maji safi: kila mililita ya mchanganyiko huo ina miligramu 1 ya dawa. Chukua chupa tano za lita moja zenye maji ya kisimani, tia mililita 0.5, 1, 1.5, 2 na 2.5, koroga, ngoja dakika 10. Inayobaki na uwaridi imezidi. Chagua kipimo kilicho chini yake, kisha pima chuma na manganizi katika maji yaliyochujwa kwa chujio la mikroni 0.45. Karatasi ya kahawa haitoshi, chembe hizi ni ndogo mno.

Baada ya dawa, pitisha maji kwenye chujio la mchanga. Wengi huruka hatua hii, kisha hulaumu utando.

Masalio ya dawa nayo huharibu utando wa poliamidi (aina ya plastiki), na uharibifu huo hausafishiki. Ukiwa umetumia klorini, iondoe kwa kutia sodiamu metabaisalfaiti takriban miligramu 3 kwa kila miligramu ya klorini, kinadharia 1.34 ingetosha. Usiamini peke yake kipimo cha DPD, kile cha klorini kinachogeuza maji kuwa ya waridi, kwani manganizi iliyooksidishwa nayo huleta uwaridi.

Njia nyingine ni kutooksidisha kabisa: maji yatoke kisimani hadi kwenye utando bila kukutana na hewa, na chuma kitoke na maji yanayokataliwa na utando kikiwa bado kimeyeyuka. Ila ukiwa na tangi katikati, kama majumba mengi ya hapa, njia hiyo imeshafungwa.