Yai moja, watu sita
Jana nimekula yai la mbuni kwa mara ya kwanza maishani, na hadi sasa bado nalifikiria. Ukilishika unalazimika kutumia mikono yote miwili: lina karibu kilo moja na nusu, sawa na mayai 24 hivi ya kuku! Kulipasua kwenye ukingo wa bakuli haiwezekani kabisa. Tulitoboa tundu kwa keekee, tukamimina ute na kiini taratibu, na ganda tumelihifadhi zima. Ni zuri mno, nene na jeupe kama kaure.

Ladha haiko mbali na ya yai la kuku, ila nzito kidogo. Tulikula watu sita, tukashiba, na likabaki.

Hata hivyo moyo wangu bado uko kwa yai la bata. Kiini chake kikubwa, mafuta tele, na keki huumuka nalo vizuri ajabu. Usiliache motoni muda mrefu tu, ute hugeuka mgumu kama mpira. Ya kware nayachemsha dakika 3, nayatafuna kama karanga.

La kanga sijalipata. Aliyewahi kulila anisimulie, tafadhali.