Tiketi za boti Goma–Bukavu: jinsi nilivyoondoa msongamano kwenye kanzidata

Saa za boti kuondoka Goma, programu yetu ya tiketi ilikuwa inaganda. Kuongeza seva hakukusaidia kitu: zote zilisubiri kanzidata ileile (hifadhi kuu ya data). Nikahamishia viti vya siku kwenye kumbukumbu ya seva zenyewe, kila boti na seva yake, na nakala kwenye seva ya pili (umeme wa hapa mnaujua, hukatika). Wazo lenyewe ni la zamani, limo kwenye Linda, lugha ya kuratibu programu ya mwanasayansi wa kompyuta David Gelernter, miaka ya 1980: programu huweka na kuchukua data katika nafasi ya pamoja. Anayechukua kiti anakiondoa papo hapo, kwa hiyo hakiuzwi mara mbili. Kanzidata inaandikiwa baadaye, kupitia foleni. Foleni hiyo niliiweka kwenye diski, si kwenye kumbukumbu ambayo hufutika umeme ukikatika, maana kwenye foleni mna malipo ya watu.