Tarehe 3 Februari, nikimkumbuka Giulio

Tarehe kama ya leo, mwaka 2016, mwili wa Giulio Regeni ulikutwa kando ya barabara ya jangwani itokayo Cairo kwenda Alexandria, ukiwa na alama za mateso. Alikuwa Mwitaliano wa miaka 28 aliyekulia Fiumicello, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Siku tisa kabla, jioni ya Januari 25, alitoka nyumbani alikopanga, mtaa wa Dokki, akaonane na rafiki, na hakufika. Mama yake alisema kwamba alimtambua kwa ncha ya pua tu.

Sikupata kuonana naye. Namlilia kwa sababu alichunguza vyama huru vya wafanyakazi, hasa vya wachuuzi wa mitaani, nami huu ni mwaka wa pili nikizungumza na wamachinga wa Kariakoo kwa ajili ya tasnifu yangu. Yeye alikijua Kiarabu, akaweza kuketi nao pasipo mkalimani.

Mazungumzo yake ya Januari 2016, ambayo kiongozi mmoja wa wachuuzi aliyarekodi kwa siri, hayanitoki akilini. Giulio alikuwa amemweleza habari za ruzuku ya pauni 10,000 ambayo ingeweza kuombwa kwa manufaa yao. Mtu yule akaomba apewe fedha za matibabu ya mkewe, na Giulio akamjibu kuwa fedha hizo si zake, na kwamba yeye, akiwa mtafiti, hawezi kuzitumia kwa mambo binafsi. Baadaye kiongozi huyo alikiri hadharani kwamba ndiye aliyemripoti polisi. Nami nimeombwa ada ya mtoto na fedha za dawa na watu walionipa saa nzima za biashara yao, na najua jinsi jibu la haki linavyoweza kumuumiza anayelitoa na anayelipokea. Naamini Giulio alijibu sawasawa, na naamini pia kwamba mgonjwa yule alistahili kutibiwa. Sijaona namna ya kuliacha moja nikashika jingine.

Makala yake kuhusu mkutano wa vyama huru jijini Cairo ilichapishwa na gazeti la Italia, il manifesto, siku chache baada ya mwili kupatikana. Kesi ya maofisa wanne wa usalama wa Misri, wanaoshtakiwa bila kuwapo mahakamani, ilianza Roma Februari 2024, miaka minane baada ya kifo chake, kwa sababu wazazi wake hawakukubali kunyamaza.

Kesho alfajiri narudi Kariakoo. Daftari langu la mwaka jana lina majina kamili ya wachuuzi, yameandikwa kwa kalamu na mitaa yao pembeni, na usiku huu nanakili kila ukurasa upya nikiweka namba mahali pa jina.