Mtoto akionewa shule huku Texas, unamtoa ama unamwacha?

Wacha niseme ukweli, hapa Texas kumtoa mtoto shule ni rahisi mpaka inaogopesha. Unawaandikia imeli tu kwamba atasomea nyumbani, basi. Tangu korti iamue ile kesi ya Leeper 1994, homskuli inahesabiwa kama shule ya praiveti, mradi ufundishe kusoma, spelingi, grama, hesabu na uraia mwema. Hakuna mtihani wa lazima, hakuna mtu wa serikali anakuja kukagua.

Sasa kijana wangu ako gredi ya sita na kuna wavulana kwa basi wanamwigia sauti za nyani kila asubuhi. Hakuniambia. Nilikuwa nafua hudi yake nikaona kamba zimetafunwa mpaka zimekuwa kama utumbo wa kuku, nikamuuliza na kuuliza mpaka akafunguka.

Baba yake akasema tumtoe kesho. Sawa, lakini yeye ni dereva wa trela, wiki inaisha hajarudi, na mimi nashinda usiku kucha na wazee wa watu, nikifika nyumbani ni kulala. Mtoto atafundishwa na nani, tableti? Kuna familia ya Wakisii hapa karibu wanafanya homskuli na watoto wanang'ara kabisa, lakini mama ako nyumbani siku nzima na walianza juu walitaka kufundisha, hawakuwa wanakimbia mtu.

Dani yake, yaani nyanya yake, naye kutoka Kisumu ati nimlete huko, boarding itamkomaza. Mama nakuheshimu lakini boarding naijua. Nikiwa mono, yaani mgeni wa fomu wani, niliambiwa nizime balbu kwa kupuliza, nikapima bweni lote na kijiti cha kiberiti wakubwa wakicheka, na huyo ndio ukomavu nilipata.

Kitu wengi wetu hatujui ni kwamba kuna sheria ya 2017, David's Law, uonevu ukiripotiwa, shule lazima ikujulishe wewe mzazi ndani ya siku 3 za kazi, hata kama ni matusi ya kwa simu, na unaweza omba mtoto wako ahamishwe darasa ama shule. Lakini andika! Sisi tunapenda kuenda ofisini tunasalimiana, asante mwalimu, Mungu akubariki, tunarudi nyumbani na hakuna kitu kimebaki kwa faili. Mimi niliandika tarehe, namba ya basi, na yale maneno vile yalivyo, hata kama mkono ulikuwa unakataa.

Halafu nikamuuliza mwenyewe kama anataka kusomea nyumbani. Akaniangalia kama nimechizi. Ati aache soka? Yeye shida yake ni basi tu.

Kwa hivyo saa hii nikitoka kazini nampeleka mwenyewe, bado nimevaa nguo za kazi, nasinzia kwa ile laini ya kushusha watoto (hiyo laini nayo, jamani!). Na wakianza kumfuata mpaka darasani, nahamia shifti ya wikendi na tunamtoa.