Nilivyomfuatilia ng'ombe mmoja ndani ya tangi la maziwa

Mtindi ukigoma kuganda, wengi hushuku bakteria wa kugandishia au joto. Kwenye kituo chetu cha kukusanyia maziwa huku Lushoto tulibadilisha vyote viwili, hali ikabaki vilevile. Hapo nikaanza kushuku dawa za mifugo, zile anazotibiwa ng'ombe zikapita kwenye maziwa. Penisilini kidogo tu inatosha kuwazuia bakteria wa mtindi, na kuchemsha maziwa hakuimalizi. Laktomita (kifaa kinachoonyesha kama maziwa yametiwa maji) na pombe tunazopimia kila asubuhi haziigundui. Tena si suala la mtindi peke yake: kuna watoto wanakunywa maziwa haya kila siku, na kuna watu penisilini inawaletea mzio.

Nikaagiza vijiti vya kupimia vyenye chembechembe za dhahabu. Chembe hizo zina ukubwa wa nanomita makumi tu, na kwa udogo huo dhahabu huonekana nyekundu. Zimebeba protini inayoikamata dawa. Maziwa yakiwa salama, protini hunasa kwenye mstari wa kipimo na mstari unakolea. Dawa ikiwamo, inaiwahi protini, na mstari unafifia au hautokei kabisa. Ni kinyume cha kipimo cha mimba, kwa hiyo niliwakumbusha wenzangu mara kwa mara: mstari ukikosekana, maziwa hayo yasiingie tangini. Tunasoma dirishani penye mwanga, tukilinganisha na mstari wa pili ambao lazima utokee daima.

Vijiti ni ghali, hatuwezi kupima kila dumu. Nachukua sampuli ya kila mfugaji kwenye kichupa chenye namba, nachanganya za watu wachache, napima mchanganyiko. Ukitia shaka, naugawa kundi kwa kundi mpaka nimfikie mhusika. Makundi nayaweka madogo kwa makusudi, maana maziwa ya wengine huizimua dawa. Kiwango cha juu cha penisilini kwa mujibu wa Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, ni mikrogramu 4 kwa lita, kiasi ambacho ng'ombe mmoja aliyetibiwa kiwele anaweza kulifanya tangi zima likizidi.

Mara ya kwanza vichupa vilinifikisha kwa mama mmoja mwaminifu sana.

"Mama, ng'ombe amechomwa sindano karibuni?"

"Hajachomwa, mwanangu. Nimemwekea tu ile dawa ya kwenye chuchu."

Kwake hiyo haikuwa sindano, na kweli si sindano. Tangu hapo nauliza: "Amewekewa dawa yoyote, popote?" Tulikubaliana pia kwamba anayesema mapema hatozwi faini, na maziwa yake tunayapima bure siku za kusubiri dawa iishe kwenye maziwa zikiisha, kabla hajaanza kuleta tena.

Vijiti tunavyotumia vinagundua jamii ya penisilini na tetrasaiklini. Salfa, kundi jingine la dawa za bakteria, havizioni, kwa hiyo ng'ombe aliyepewa salfa tunahesabu siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa, na chupa yenyewe naomba iletwe kituoni niisome.